Nadharia za Kujifunza na Maneno Yaliyozibeba

UTANGULIZI

Kila mwalimu aingiapo darasani huingia na nadharia, ajue asijue. Yuko mwalimu awaimbishaye watoto jedwali la kuzidisha mpaka walikariri, na yuko awapaye mbegu na vijiti ili waone wenyewe kwamba tatu mara nne ni sawa na nne mara tatu. Hawa wawili hawatofautiani kwa hulka tu. Wanatofautiana kwa jibu walilonalo moyoni juu ya swali moja: mtu hujifunzaje? Wataalamu wa saikolojia wamelishughulikia swali hili kwa muda wa karne moja na zaidi, na majibu yao yameingia katika mitaala, katika vitabu vya vyuo vya ualimu, katika mitihani na katika utafiti wa elimu.

Katika makala haya hatukusudii kuzieleza nadharia zote za kujifunza, kwani kazi hiyo ni ya vitabu. Tunakusudia kuonyesha jambo ambalo husahauliwa mara nyingi, yaani kwamba nadharia hizi zilisafiri kutoka nchi hadi nchi zikiwa zimebebwa na maneno, na kwamba mara kadhaa mzigo ulibadilika njiani mikononi mwa wafasiri. Kwa kuwa Kiswahili nacho kinaendelea kuzipokea, hatuna budi kuijua historia hiyo, tusije tukarithi tafsiri zenye kasoro tukidhani kwamba ndiyo elimu yenyewe.

HAZINA ILIYOTANGULIA

Kabla saikolojia haijatufikia, Kiswahili kilikuwa na msamiati wake wa kujifunza, nao ulipita njia mbili. Njia ya kwanza ni ya chuo. Mtoto wa pwani alipelekwa chuoni akasome Kurani. Maneno mwalimu, elimu, darasa na hitimu yote yana asili ya Kiarabu, na kuhitimu maana yake ilikuwa kuufikia mwisho wa Msahafu. Katika njia hii kujifunza ni kusoma, na kusoma ni kuyapokea maneno yaliyokwisha kukamilika na kuyahifadhi bila ya kuzidisha wala kupunguza. Kwa maandiko matakatifu jambo hilo lina hekima yake, maana aliyehifadhi amepewa amana.

Njia ya pili ni ya kufunda. Mwali alifundwa na kungwi wake au somo yake. Kijana wa kazi za mikono, mwanagenzi, alikaa miguuni pa fundi. Kutokana na funda tumepata funza, fundisha, funzo, mafunzo, mwanafunzi na mkufunzi, na wanakamusi wamezoea kumweka fundi katika ukoo huo huo. Tena, kwa kuongeza kiambishi cha kujirejea, tumepata jifunza. Kwa muundo wa neno lenyewe, ajifunzaye ni mtu anayejitendea mwenyewe tendo la kufunza. Kiingereza hakina bahati hiyo, kwa sababu maneno yake mawili ya kufundisha na kujifunza yametoka katika mizizi mbalimbali, na hakuna linalomkumbusha mwenzake. Msomaji na aliweke jambo hili akilini, kwani tutalirudia.

PAKA WA THORNDIKE NA MBWA WA PAVLOV

Mwaka 1898 Edward Thorndike, Mmarekani aliyekuwa akisomea shahada yake katika Chuo Kikuu cha Columbia, alichapisha matokeo ya majaribio aliyowafanyia wanyama. Paka mwenye njaa alifungiwa ndani ya kasha, na chakula kikawekwa nje. Paka alikwaruza, akauma, akahangaika, mpaka kwa bahati akaigusa kamba au komeo na mlango ukafunguka. Aliporudishwa ndani tena na tena, muda wa kuhangaika ulipungua polepole. Thorndike alikata shauri kwamba paka hakufikiri, bali tendo lililoleta faraja lilishikamana na hali ile, na matendo mengine yakafifia. Kanuni hiyo, aliyoieleza mwaka 1911, ikajulikana kuwa sheria ya athari.

Kutoka kwenye kasha la paka mpaka kwenye dawati la mtoto haikuwa safari ndefu. Thorndike alifundisha walimu kwa miaka mingi, na mwaka 1922 alitoa kitabu juu ya saikolojia ya hesabu. Humo hesabu imechambuliwa kuwa vifungo vidogo vidogo vingi, kila kimoja kikiunganisha swali na jibu lake, na kila kimoja kikihitaji mazoezi yake ili kikaze. Kurasa za mazoezi ya hesabu zilizopangwa hatua kwa hatua, ambazo walimu wetu wanazijua sana, zina deni kwa fikra hiyo.

Wakati huo huo, huko Urusi, Ivan Pavlov alikuwa akichunguza usagaji wa chakula tumboni, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Aligundua kwamba mbwa hutokwa na mate hata kabla ya chakula kumfika kinywani, akionapo tu dalili zake. Akaanza kuzipanga dalili hizo mwenyewe: mapigo ya metronomu yakitangulia chakula mara nyingi, baadaye mbwa hutokwa na mate kwa kuyasikia mapigo peke yake. Mate yanayoletwa na chakula Pavlov aliyaita refleksi isiyo na sharti, yaani tendo la mwili lisilongoja kufunzwa. Mate yanayoletwa na mapigo aliyaita refleksi yenye sharti, kwa sababu yanategemea sharti la mapigo kufuatana na chakula. Sharti likiondolewa, yaani mapigo yakiendelea kupigwa bila ya chakula kuletwa, refleksi hudhoofika.

Neno la Kirusi alilolitumia ni "uslovny", na maana yake ni hiyo hasa: -enye sharti. Mihadhara yake ilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1927 katika tafsiri ya G. V. Anrep, aliyepata kuwa mwanafunzi wake. Kiingereza kina neno "conditional", ambalo lingeichukua maana ya Pavlov bila ya kuipunguza. Lakini neno lililowekwa katika jina la kitabu, na ambalo ndilo lililoenea, ni "conditioned", neno lenye sura ya kutendwa. Kutoka kwenye sura ya kutendwa ni rahisi kufika kwenye kitenzi, na penye kitenzi hutafutwa mtenda. Kwa Pavlov, refleksi ilikuwa na sharti. Kwa wasomaji wa Kiingereza, mbwa alikuwa amefanyiwa kitu na mtu. Lugha hiyo ilipatana vizuri na fikra za John Watson, Mmarekani aliyetangaza mwaka 1913 kwamba shabaha ya saikolojia ni kuyabashiri na kuyatawala matendo.

Hapa ndipo mfasiri wa Kiswahili anapopaswa kuwa macho. Akifasiri kutoka Kiingereza bila ya kutazama nyuma, atavutwa aandike "mwitikio ulioshurutishwa". Lakini kushurutisha kwetu ni kulazimisha. Mwalimu mwanafunzi atakayelisoma neno hilo ataelewa kwamba Pavlov aligundua nguvu ya shuruti, naye ataipeleka shuruti hiyo darasani. Pavlov hakusema hivyo. Akiandika "refleksi yenye sharti" au "refleksi ya sharti", atakuwa karibu zaidi na Kirusi kuliko Mwingereza alivyokuwa, na atakuwa pamoja na Waarabu, ambao istilahi yao ya jambo hili imejengwa juu ya neno hilo hilo la sharti.

KUIMARISHA SI KUTUZA, WALA SI KUADHIBU

Mwaka 1953 B. F. Skinner, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, alilitembelea darasa la hesabu la binti yake. Aliona mambo mawili yaliyomsikitisha. Watoto wote walilazimika kwenda kwa mwendo mmoja, wepesi wakingoja na wazito wakiachwa. Na kila mtoto alifanya hesabu zake bila ya kujua hapo hapo kama amepata au amekosa. Mwaka uliofuata Skinner alichapisha makala juu ya sayansi ya kujifunza na sanaa ya kufundisha, na akaunda mashine ya kufundishia iliyompa mtoto swali moja moja na kumwonyesha jibu mara tu alipokwisha kujibu. Mashine hizo zenyewe hazikudumu sana, ila kanuni zake mbili, yaani hatua ndogo ndogo na majibu ya papo kwa papo, bado zimo katika programu za kompyuta za kufundishia.

Istilahi kuu ya Skinner katika Kiswahili yafaa iwe uimarishaji. Kwa mujibu wa nadharia yake, kiimarishi ni jambo lolote linalofuata tendo na kulifanya tendo hilo lizidi kutokea. Kipimo chake ni matokeo, si utamu wake. Peremende anayopewa mtoto asiyependa peremende si kiimarishi hata kidogo, na makaripio anayopewa mtoto mwenye kiu ya kuangaliwa yaweza kuwa kiimarishi kikubwa. Kwa hiyo maneno tuzo na thawabu hayatoshi. Tuzo hutolewa na mtu kwa nia yake, na thawabu ina harufu ya dini. Uimarishaji huonekana tu baada ya tendo kuongezeka.

Upo utatanishi mwingine ulio mbaya zaidi. Skinner alitofautisha uimarishaji chanya, ambapo tendo huongezeka kwa kuleta kitu, na uimarishaji hasi, ambapo tendo huongezeka kwa kuondoa kitu kinachochukiza. Neno "hasi" humfanya msomaji wa haraka adhani kwamba maana yake ni adhabu. Sivyo. Mtoto anayechelewa shule kwa makusudi ili aikwepe bakora ya asubuhi anaimarishwa katika kuchelewa kwake, na aliyemwimarisha ni mwenye bakora. Hapa Kiswahili chetu cha kila siku hakitusaidii, maana tumezoea kusema kwamba mtoto "ametiwa adabu" ilhali tuna maana kwamba amepigwa, na hivyo tumeyasogeza karibu mno maneno adabu na adhabu ambayo hayana nasaba. Skinner mwenyewe alilaumu shule za Marekani kwa kuwafanyisha watoto kazi ili waepuke vitisho. Mfasiri atakayeandika "adhabu" mahali pa uimarishaji hasi atamfanya Skinner awe wakili wa jambo alilolipinga.

JIBU LISILO SAHIHI

Karibu na mwaka 1920, kijana mmoja wa Uswisi, Jean Piaget, alipewa kazi huko Paris ya kuyasawazisha maswali ya kupima akili za watoto. Kazi yake ilikuwa kuhesabu majibu sahihi. Lakini macho yake yaliangukia yale yasiyo sahihi, kwa kuwa aliona kwamba watoto wa umri mmoja walikosea kwa namna moja. Akaacha kuhesabu, akaanza kuwauliza watoto kwa nini wamejibu hivyo. Kutokana na udadisi huo ilizaliwa kazi ya maisha yake yote, mpaka alipofariki mwaka 1980.

Jaribio lake la maji linajulikana sana. Bilauri mbili zilizo sawa hutiwa maji sawasawa. Kisha maji ya bilauri moja humiminwa katika bilauri nyembamba na ndefu. Mtoto wa miaka minne au mitano kwa kawaida atasema kwamba katika bilauri ndefu maji ni mengi zaidi. Hajasema uongo, wala hakosi akili. Anafikiri kwa utaratibu wake, akiutazama urefu na kuuacha upana. Kwa Piaget, kujifunza si kuongeza kifungo juu ya kifungo, bali ni kuijenga upya akili kila inapogongana na jambo isiloliweza. Fikra hiyo iliingia katika shule za msingi za Uingereza hasa baada ya ripoti ya Plowden ya mwaka 1967.

Mwaka huo huo wa 1967 kilitoka kijitabu cha Mwalimu Nyerere cha Elimu ya Kujitegemea, kilicholaumu elimu ya kukariri kwa ajili ya mitihani na kuheshimu maarifa ya vitabu peke yake. Hatusemi kwamba kijitabu hicho kilitokana na Piaget. Hoja zake zilikuwa za jamii na uchumi wa Tanzania. Lakini mlango walioubisha ni mmoja.

Kwa upande wa istilahi, Piaget anatuletea tatizo ambalo huenda halimsumbui Mswisi. Katika Kiswahili, kosa la hesabu ni kosa, na kosa la jinai ni kosa. Aliyekosea jibu na aliyeiba wanaitwa kwa kitenzi kimoja: wamekosa. Si ajabu, basi, kwamba mtoto aliyekosa hesabu amepata kuadhibiwa kama mhalifu, na kwamba mwalimu aliyemwadhibu hakuona kasoro katika mantiki yake. Hatuwezi kuliondoa neno kosa katika lugha, wala hatutaki. Ila katika vitabu vya ualimu na katika ripoti za utafiti tungependekeza "jibu lisilo sahihi" litumike kwa maana ya Piaget, yaani jibu linalochunguzwa kwa sababu linaonyesha mtoto amefika wapi.

Watafiti nao wajihadhari. Mwaka 1974 James McGarrigle na Margaret Donaldson walionyesha huko Uskochi kwamba matokeo ya majaribio ya namna hii hutegemea pia jinsi yanavyoendeshwa na kuulizwa. Safu mbili za vitu zilizo sawa zilipovurugwa na mtafiti kwa makusudi, watoto wengi walisema idadi imebadilika. Zilipovurugwa na kidubu cha kuchezea, kana kwamba ni kwa utundu, watoto wengi zaidi walisema idadi ni ile ile. Mtoto anayeulizwa swali lile lile mara mbili na mtu mzima aweza kudhani kwamba anatakiwa alibadilishe jibu. Basi anayefasiri dodoso au jaribio kwa Kiswahili ajue kwamba amekabidhiwa sehemu ya jaribio lenyewe.

NENO MOJA LA KIRUSI

Lev Vygotsky alizaliwa mwaka 1896, mwaka ule ule aliozaliwa Piaget, lakini alifariki mwaka 1934 kwa kifua kikuu. Kitabu chake juu ya kufikiri na usemi kilitoka mwaka huo huo. Kuanzia mwaka 1936 maandishi yake yalizuiliwa katika Urusi ya Kisovieti kwa muda wa miaka ishirini. Kitabu hicho kilifika kwa Kiingereza mwaka 1962, tena kikiwa kimefupishwa sana, na jina lake likabadilishwa. Vygotsky aliandika juu ya kufikiri na kusema, ambavyo ni vitendo. Waingereza wakapewa fikra na lugha, ambavyo ni vitu. Tafsiri kamili yenye jina lililo karibu na la asili ilipatikana mwaka 1987.

Fundisho lake lililoenea zaidi mashuleni ni lile la eneo la ukuaji ulio karibu, yaani nafasi iliyopo kati ya kazi ambayo mtoto huiweza peke yake na ile anayoiweza akisaidiwa na mtu mzima au mwenzake aliyemzidi. Mafunzo mema, asema, huutangulia ukuaji na kuuvuta. Lakini neno alilolitumia ni "obuchenie", na hapo ndipo penye fundo. Neno hilo la Kirusi hutaja jambo moja lenye pande mbili, afanyalo mwalimu na afanyalo mwanafunzi kwa pamoja. Kiingereza hakina neno la namna hiyo. Wafasiri mara waliandika kujifunza, mara wakaandika kufundisha, na wasomaji wakagawanyika: wengine walimwona Vygotsky kuwa mtetezi wa mtoto ajifunzaye, wengine wakamwona kuwa mtetezi wa mwalimu. Mwaka 2009 Michael Cole, mmoja wa waliohariri maandishi yake kwa Kiingereza, aliandika makala nzima juu ya hatari za tafsiri hiyo.

Sasa na turudi kwenye ukoo wa funda. Katika nyaraka za elimu za Tanzania tumezoea kuandika "ufundishaji na ujifunzaji", tukifuata jozi ya Kiingereza. Jozi hiyo ina manufaa, kwani humkumbusha mkaguzi kumtazama mwanafunzi pia. Lakini kwa "obuchenie" tunalo neno moja, nalo ni mafunzo. Mtu hutoa mafunzo, na mtu hupata mafunzo. Mafunzo yenyewe yako katikati yao. Tunakubali kwamba neno hilo limekwisha kupewa kazi nyingine katika maneno kama "elimu na mafunzo" na "mafunzo kazini", ambapo huelekea kwenye stadi za kazi. Hata hivyo neno laweza kuwa na kazi mbili ikiwa kila moja imeelezwa mahali pake. "Kufundishana", ambalo wengine huenda wakalipendelea, linapita kiasi, kwani linawafanya mwalimu na mtoto wawe sawa katika tendo lile lile, na Vygotsky hakusema hivyo.

FUNDI WA MONROVIA

Kazi mbili zilizofanyika Liberia zinastahili kujulikana zaidi kwetu. Katika miaka ya 1960 John Gay na Michael Cole walichunguza kwa nini watoto wa Kikpelle walipata shida katika hisabati ya shule. Hawakuridhika na jibu la kwamba watoto hao hawana uwezo. Walitazama hesabu zilizomo katika maisha ya Wakpelle, na katika kitabu chao cha mwaka 1967 walieleza kwamba watu wazima wasiosoma waliwashinda Wamarekani katika kukadiria vikombe vya mchele vilivyomo ndani ya chombo. Maarifa yalikuwapo, shule ndiyo haikuyatafuta.

Katika miaka ya 1970 Jean Lave alikaa na mafundi cherehani wa Kivai na Kigola mjini Monrovia. Aliona kwamba mwanagenzi hakuanza mwanzo wa nguo, bali mwisho: kushona vifungo, kupiga pindo na kupiga pasi. Baadaye alishona vipande, na mwishoni kabisa ndipo aliporuhusiwa kukata kitambaa. Mpango huo una hekima. Pindo likiharibika hufumuliwa, bali kitambaa kilichokatwa vibaya kimekwisha kupotea. Tena anayeanza na nguo iliyo karibu kukamilika huijua nguo nzima kabla ya kuvijua vipande vyake. Mwaka 1991 Lave na Etienne Wenger walitoa kitabu kilichojenga juu ya utafiti huo hoja kwamba kujifunza ni kuingia hatua kwa hatua katika kazi ya watu. Wataalamu waliyapokea maneno hayo kuwa ni nadharia mpya. Mswahili anayejua kwamba fundi na mwanafunzi ni ndugu hatayaona kuwa mageni.

HITIMISHO

Historia hii inatupa kanuni moja: istilahi ifasiriwe kutoka kwenye wazo la mwenye nadharia, si kutoka kwenye neno la lugha iliyotutangulia kumfasiri. Kwa kuifuata kanuni hiyo tunapendekeza mambo manne. Refleksi ya Pavlov iwe na sharti, isishurutishwe. Uimarishaji usichanganywe na tuzo, na uimarishaji hasi usiitwe adhabu. Jibu lisilo sahihi la mtoto litengwe na kosa la mwenye hatia. Na "obuchenie" ya Vygotsky iitwe mafunzo, pamoja na maelezo mafupi neno litokeapo kwa mara ya kwanza.

Haya si mabishano ya wanakamusi peke yao. Mwalimu wa shule ya msingi hatamsoma Pavlov wala Vygotsky. Atasoma ukurasa mmoja au miwili ya Kiswahili katika kitabu cha chuo cha ualimu, kisha ataingia darasani penye watoto wengi. Neno atakalolikuta katika ukurasa huo ndilo atakalofuatana nalo. Likiwa ni shuruti, atashurutisha. Likiwa ni sharti, atauliza ni sharti gani halijatimizwa mpaka mtoto huyu hajajifunza.

Walimu na wafasiri wanaotumia maneno mengine kwa dhana tulizozitaja tunawaomba watuletee pamoja na sentensi walimoyatumia, ili yalinganishwe na haya kabla dhana hizo hazijafikishwa kwenye usanifishaji.